Kuanza DMR kwa hotspoti yako ya redio: kuanzia kadi tupu hadi sauti kurudi

Ukiwa na leseni ya redio ya ridhaa na hakuna ripita ya dijitali (kituo kinachopokea mawimbi na kuyarusha upya) karibu nawe, kifaa kidogo kinachoenea kiganjani kinatosha kukukutanisha na wenzako wa Nairobi, Muscat, Johannesburg au Toronto. Hotspoti ya redio hupokea mawimbi ya redio yako ya mkononi ukiwa nyumbani, huyageuza kuwa vifurushi vya data na kuvisukuma kwenye intaneti kwa Wi-Fi. Sauti ya upande wa pili hurudi kwa njia hiyohiyo. Isichanganywe na hotspoti ya simu, ingawa mara nyingi simu yako ndiyo itakayoipa hii intaneti.

Mifumo ya sauti ya kidijitali iko mingi: D-STAR, C4FM ya Yaesu, P25, NXDN, M17. Hapa tunashika njia moja hadi mwisho: DMR (Digital Mobile Radio), kwa bodi ya MMDVM, yaani modemu ndogo ya redio, iliyopachikwa juu ya Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, programu ya Pi-Star inayoiendesha, na mtandao wa BrandMeister unaounganisha hotspoti na ripita za DMR kwa intaneti. Redio za DMR ndizo rahisi kupatikana kwa bei ya chini, na ukishaielewa njia hii mifumo mingine haitakusumbua.

Shika jambo moja tangu mwanzo, maana litakuokolea siku nyingi za kuhangaika. Mawasiliano haya yana vipande vitatu: redio kwenda hotspoti, hotspoti kwenda kwenye mtandao, na hotspoti kurudi kwenye redio. Kila kipande kinaweza kuharibika peke yake, na kila kimoja kina mahali pake pa kukagulia. Anayebadilisha mipangilio ya redio, ya Pi-Star na ya mtandao kwa mkupuo hatajua kamwe ni nini kilichotengeneza wala kilichoharibu.

## Leseni na namba kwanza

Hotspoti ni kirushio. Nguvu yake ni takriban miliwati 10 tu, lakini inarusha kwenye masafa ya ridhaa na inahitaji mwenye ishara ya mwito. Tanzania leseni hutolewa na TCRA, Kenya na Communications Authority, Uganda na UCC, Rwanda na RURA, Burundi na ARCT. Ishara za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, za Uganda 5X, za Rwanda 9X, za Burundi 9U, za Kongo (Kinshasa) 9Q na za Omani A4. Unapoomba au kuhuisha leseni, eleza wazi kwamba unakusudia kuunganisha kituo chako na intaneti, uulize kama kuna sharti la ziada. Jibu la maandishi lina faida kuliko maneno ya dirishani.

Ukishakuwa na ishara, jisajili RadioID.net ili upewe namba ya DMR. Utaambatisha nakala ya leseni nao wataikagua, kwa hiyo piga picha inayosomeka vizuri na hakikisha jina ulilojaza linafanana na la kwenye leseni. Utapewa namba ya tarakimu 7. Tatu za kwanza ni msimbo wa nchi uleule unaotumiwa na mitandao ya simu za mkononi: 640 Tanzania, 639 Kenya, 641 Uganda, 635 Rwanda, 642 Burundi, 630 Kongo. Namba hii ni ya mtu, si ya kifaa. Ukiwa na redio tatu, zote zitatumia namba hiyo moja.

Baada ya hapo fungua akaunti BrandMeister kwa ishara hiyohiyo. Ndani ya ukurasa wa "SelfCare" washa sehemu ya usalama wa hotspoti na uweke nywila. Nywila hii ni tofauti na ile ya kuingilia kwenye akaunti, na watu wengi hukwama hapa kwa kuzichanganya. Iandike mahali, utaihitaji kwenye Pi-Star.

## Redio na vifaa

Baofeng UV-5R, ambayo imejaa kila duka la redio, ni ya analogi tu. Haitafanya kazi na hotspoti hii kwa namna yoyote ile, na hakuna programu ya kuigeuza. Unahitaji redio ya DMR ya daraja la Tier II yenye masafa ya UHF, mathalani AnyTone AT-D878UV, TYT MD-UV380 au Baofeng DM-1701. Jihadhari na redio za zamani za bei ya kutupwa zinazojiita DMR kumbe zina Tier I pekee. Redio za Motorola za MOTOTRBO zilizotumika kwenye makampuni nazo ni DMR na ni imara, ila kuzipanga kuna usumbufu kwa anayeanza.

Vifaa vingine ni hivi:

- Raspberry Pi Zero 2 W au 3B+. Ukichukua Zero, nunua iliyokwishalehemiwa pini zake 40. Kulehemu pini 40 si kazi ngumu kwa fundi, lakini pini moja tu isiyoshika itafanya bodi ya redio isionekane kabisa.
- Bodi ya MMDVM ya aina ya HS Hat, pamoja na antena yake ya SMA.
- Kadi ya microSD ya GB 8 au 16, ya Class 10, kutoka kwa muuzaji unayemwamini. Kadi bandia ni chanzo kikubwa cha hotspoti zinazokufa baada ya wiki chache.
- Chaja ya volti 5 yenye ampea 2.5, na kebo fupi nene. Kebo nyembamba ndefu hupunguza volti njiani, na Pi hujizima na kujiwasha bila sababu inayoonekana.
- Kebo ya kupangia redio, na kompyuta ya Windows ya kuendeshea programu yake.

Bodi za MMDVM ziko za aina mbili. Ya simpleksi ina antena moja: inapokea au inarusha, si vyote kwa pamoja. Ya dupleksi ina antena mbili na hufanya kazi kama ripita ndogo, ikitumia sloti zote mbili za DMR, yaani zamu mbili za muda zinazopokezana kwenye masafa yaleyale. Uzuri wa dupleksi ni kwamba unaweza kulikata kundi (chumba cha mazungumzo cha mtandaoni chenye namba yake) lenye kelele hata kama mtu anaendelea kuongea. Ubaya wake ni mipangilio zaidi: masafa mawili yaliyoachana vya kutosha na redio iliyopangwa kama ya ripita. Ushauri wetu ni uanze na simpleksi.

Kabla ya kufunga bodi, tazama kopo dogo la chuma lililoandikwa 14.7456 au 12.288. Hiyo ni saa ya bodi, yaani kiosileta chake, kwa megahertzi. Andika namba hiyo. Siku utakapobadilisha programu ya ndani ya bodi, ukichagua toleo la saa isiyo yake, taa zitawaka kama kawaida lakini haitapokea wala kurusha mahali panapotakiwa. Kwenye Pi-Star amri ya kazi hiyo ni `sudo pistar-mmdvmhshatflash hs_hat` kwa 14.7456, na `hs_hat-12mhz` mwishoni badala yake kwa 12.288. Bodi ikiwa inafanya kazi, usiiguse.

## Kuandaa kadi

Pakua faili la Pi-Star la Raspberry Pi kutoka pistar.uk, ulifungue kutoka kwenye zip, kisha uliandike kwenye kadi kwa balenaEtcher au Raspberry Pi Imager. Ukitumia Imager, itakuuliza kama unataka kuweka jina la mtumiaji na Wi-Fi mapema. Kataa. Mipangilio hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mfumo wa kawaida wa Raspberry Pi, si Pi-Star.

Uandishi ukiisha, Windows inaweza kukuambia kadi inahitaji kufomatiwa. Kataa tena, kwa sababu ni sehemu ya Linux ambayo Windows haiwezi kuisoma. Sehemu itakayofunguka ni ile ya "boot", na humo ndimo utakapoweka faili la Wi-Fi liitwalo `wpa_supplicant.conf`. Tovuti ya Pi-Star ina ukurasa wa kulitengeneza: unajaza nchi, jina la mtandao na nywila, unapakua, unalinakili ndani ya "boot". Herufi kubwa na ndogo zizingatiwe, na jina la faili lisiongezewe `.txt` mwishoni.

Zero W na Zero 2 W zinashika Wi-Fi ya gigahertzi 2.4 peke yake. Kama utazipa intaneti kwa simu, ingia kwenye mipangilio ya simu uhakikishe inarusha bendi hiyo. Simu nyingi mpya huchagua 5 zenyewe. Kwenye iPhone kuna swichi ya "Maximize Compatibility" inayofanya kazi hiyo.

Chomeka kadi, funga antena, washa. Mara ya kwanza mfumo hujipanua kwenye kadi na unaweza kuchukua dakika kadhaa, kwa hiyo usikate umeme. Ikiwa hautapata mtandao unaoujua, baada ya kama dakika mbili utaanzisha Wi-Fi yake iitwayo "Pi-Star-Setup", nywila `raspberry`. Unganisha simu au kompyuta kwenye hiyo, fungua kivinjari na uandike `192.168.50.1`. Kama umeunganishwa sawa na Wi-Fi ya nyumbani, andika `http://pi-star.local`. Ikigoma, tafuta anwani yake kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa katika ruta au simu.

## Kujaza Pi-Star

Jina la kuingilia ni `pi-star` na nywila ni `raspberry`. Badilisha nywila hiyo siku hiyohiyo, na usifungue poti ya ukurasa huu kwenye intaneti. BrandMeister haihitaji poti yoyote ifunguliwe upande wako: hotspoti ndiyo inayopiga simu kutoka ndani kwenda nje, na ndiyo maana inafanya kazi hata kwenye bando la simu.

Kwenye ukurasa wa "Configuration", chagua kwanza "MMDVMHost" na "Simplex Node", kisha ubonyeze kitufe cha kuhifadhi. Ukurasa utajipanga upya na kuonyesha nafasi nyingine. Jaza ishara yako ya mwito, namba yako ya DMR ya tarakimu 7, masafa, mji, nchi, na saa za eneo kama Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi. Kwenye aina ya modemu chagua ile inayolingana na bodi yako. Kwa bodi nyingi za antena moja ni "MMDVM_HS_Hat" ya GPIO. Ukikosea hapa, sehemu ya toleo la modemu kwenye dashibodi itabaki tupu.

Masafa yanataka uangalifu. Kanda ya 1 ya IARU (umoja wa kimataifa wa redio ya ridhaa), ambamo Afrika yote imo, bendi ya UHF ni megahertzi 430 hadi 440, lakini si kila kipande ni cha kuchezea. Kati ya 435 na 438 ni pa satelaiti, na programu ya ndani ya bodi za HS hukataa kabisa kurusha hapo: kwenye rekodi utaona maneno "Received a NAK to the SET_FREQ command". Kuanzia 433.05 hadi 434.79 kuna rimoti za magari na milango. Kati ya 432 na 432.5 ni pa wanaotafuta mawimbi hafifu ya mbali. Mahali panapotumiwa sana na hotspoti ni karibu na 438.800, ila linganisha kwanza na mpango wa bendi wa nchi yako na usikilize siku moja au mbili kama hapana mtu.

Washa "DMR Mode" peke yake. Ukiwasha mifumo mitano, hotspoti itakuwa inashikwa na ule uliosikika mwisho kwa sekunde 20, nawe utadhani redio yako ni mbovu. Hifadhi. Kisha kwenye sehemu ya DMR chagua seva ya BrandMeister iliyo karibu au yenye jina la kuaminika. Seva zote zimeunganishwa, hivyo hukosi mtu kwa kuchagua moja. Weka nywila ya usalama wa hotspoti, "Color Code" (namba ambayo lazima ilingane kwenye redio na hotspoti) iwe 1, na kwenye "ESSID" chagua 01. Hapo hotspoti itajitambulisha kwa tarakimu 9: namba yako na 01 mwishoni. Hotspoti ya pili iwe 02, maana zikiingia mbili kwa namba moja zitafukuzana kwenye seva.

Acha "Node Type" iwe "Private". Maana yake ni kwamba itakubali namba yako tu. Rafiki akija na redio yake na hasikiki, sababu ni hii.

## Kupanga redio

Kabla ya lolote, soma mipangilio iliyomo ndani ya redio kwa programu yake na uhifadhi nakala. Baadhi ya redio hufa kwa kuandikiwa faili la toleo jingine, na nakala hiyo ndiyo pa kurudia.

Weka namba yako ya DMR. Tengeneza mawasiliano mawili ya kuanzia: 9990 kama wito wa faragha, na 4000 kama wito wa kundi. Ya kwanza ni ya mwangwi: unasema, inakurudishia sauti yako. Ya pili hulikata kundi ulilounganishwa nalo. Ongeza na 91, kundi la dunia nzima, kama wito wa kundi.

Kisha chaneli. Aina iwe dijitali. Kupokea na kurusha kuwe 438.8000, au masafa uliyochagua, yalingane na ya Pi-Star tarakimu kwa tarakimu. "Color Code" 1, sloti 2, nguvu ya chini kabisa, ruhusa ya kurusha iwe "Always". Kwenye orodha ya kupokea, ile inayoitwa "RX Group List", weka makundi yote utakayotumia. Redio nyingi za DMR hunyamaza kimya zikipokea kundi lisilomo kwenye orodha hiyo, hata mawimbi yakiwa safi, na hili pekee huwakwamisha watu kuliko makosa mengine yote ya redio. AnyTone ina kitufe cha "Digital Monitor" kinachofungua masikio kwa kila kitu. Kiwashe wakati wa majaribio.

Kikomo cha muda wa kurusha kiwe sekunde 180. Usimbaji fiche uzimwe kabisa: kanuni za kimataifa za redio ya ridhaa zinakataza kuficha maana ya maneno.

## Jaribio la 9990, na kusawazisha masafa

Simama mita tatu au zaidi kutoka kwenye hotspoti. Redio ya wati 5 ikiwa mezani pamoja nayo hufurika kipokezi chake, na makosa hupanda kwa sababu mawimbi ni makali mno. Bonyeza kitufe cha kuzungumzia kwenye 9990, subiri sekunde moja, hesabu moja hadi kumi, achia. Sauti yako ikirudi safi, umemaliza. Mara nyingi hairudi, au inarudi ikikwaruza kama roboti, na sababu kubwa ni masafa kuteleza.

Hesabu yake ni hii. DMR hutuma alama nne, kila moja ikiwa ni msogeo wa masafa: 1,944 na 648 hertzi juu ya kati, na 648 na 1,944 chini ya kati. Kati ya alama na jirani yake pana hertzi 1,296, na mpaka uko katikati, 648 kutoka kwa kila moja. Sasa kiosileta kinachokosea sehemu 2.5 kwa milioni, kwenye megahertzi 438.8, kinateleza karibu hertzi 1,100. Kipokezi hujitahidi kufidia, lakini uwezo wake una kikomo, na alama zinaanza kusomwa kama majirani zao. Hapo ndipo BER, yaani asilimia ya biti zilizokosewa, inapopaa.

Kwa hiyo acha hotspoti iwake dakika 10 ipate joto lake la kawaida, kisha fungua mipangilio ya kitaalamu, "Expert", halafu "MMDVMHost". Ndani ya sehemu ya "Modem" kuna "RXOffset" na "TXOffset". Rudi kwenye dashibodi, bonyeza kitufe cha redio kwa sekunde 10 na usome BER kwenye "Local RF Activity". Ongeza RXOffset kwa 100, hifadhi, subiri ianze upya, jaribu tena. Endelea hadi BER ipande sana au redio isionekane, andika namba hiyo. Kisha shuka upande wa pili, kwenye namba hasi, hadi iharibike tena. Thamani nzuri iko katikati ya kingo hizo mbili: ikiwa ilifanya kazi kuanzia -200 hadi 800, weka 300, halafu rekebisha kwa hatua za 50 ukitafuta BER ndogo zaidi.

Chini ya asilimia 1 ni kuzuri. Mbili hutosikia tofauti. Ikizidi 5 maneno huanza kukatika. Usifukuze sifuri, ni kupoteza jioni.

TXOffset uianze na thamani ileile, kwa kuwa kupokea na kurusha hutumia kiosileta kimoja. Kumbuka pia kwamba umeipima hotspoti kwa kuilinganisha na redio yako, ambayo nayo ina mtelezo wake. Redio ya pili ikionyesha BER tofauti sana, chagua namba iliyo kati ya hizo mbili. Na ukiihamishia hotspoti ndani ya kasha la chuma au karibu na dirisha la jua, joto litabadilika na kiosileta nacho, hivyo ipime upya.

## Ikigoma

Tazama dashibodi wakati unabonyeza kitufe.

Hakuna chochote kwenye "Local RF Activity": tatizo liko kati ya redio na hotspoti, na intaneti haihusiki. Kagua masafa, "Color Code", kama chaneli ni dijitali, kama DMR imewashwa, kama namba ndani ya redio ni ileile ya Pi-Star. Vyote vikiwa sawa, ni RXOffset.

Inaonekana pale, BER ni ndogo, lakini 9990 haijibu: angalia kama taa ya DMR kwenye hali ya mtandao ni ya kijani. Ikiwa nyekundu, soma rekodi. Maneno "Login to the master has failed" karibu kila mara ni nywila ya usalama isiyolingana na ile ya SelfCare, au namba ya DMR ambayo akaunti yako haiitambui. Ikiwa ni kijani, huenda 9990 umeiweka kama wito wa kundi.

Dashibodi inaonyesha watu wanaongea kutoka mtandaoni na redio imenyamaza: tazama taa ya redio yenyewe. Ikiwaka bila sauti, ni orodha ya kupokea. Isipowaka, ni masafa au TXOffset.

Sauti za wengine zinakatika huku yako ikirudi vizuri kwa wakati mwingine: angalia safu ya "Loss". Hasara ya vifurushi hutokana na Wi-Fi dhaifu au mtandao wa simu uliolemewa. Sogeza hotspoti karibu na ruta, kisha kwenye "Expert", sehemu ya "DMR Network", pandisha "Jitter" kutoka 360 hadi 500 au 750. Utaongeza kuchelewa kidogo na kupata sauti iliyoshikamana.

## Umeme na bando

DMR inatumia data kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Kila milisekunde 60 za sauti hubebwa na kifurushi kimoja cha baiti 55, na ukiongeza vichwa vya IP na UDP inafika 83. Saa nzima ya mazungumzo yasiyokatika ni takriban MB 5. Kinachokula bando ni kupakua faili la Pi-Star na masasisho yake, kwa hiyo fanya hayo mahali penye intaneti ya bei nafuu.

Kwa umeme, Zero na bodi yake vinaweza kukaa usiku mzima kwenye pawabenki ya mAh 10,000. Umeme ukikatika ghafla, Pi-Star ina kinga: kwa kawaida kadi huwa kwenye hali ya kusomwa tu, haiandikwi. Hatari iko wakati wa kusasisha au kuhifadhi mipangilio. Kwenye maeneo ambako umeme unacheza, fanya kazi hizo ukiwa umeichomeka kwenye pawabenki.

## Hewani

Kundi 91 ni la dunia nzima na halilali. Piga pale ili uhakikishe unasikika, kisha mhamie kundi lisilo na watu wengi. Usiliweke kama kundi la kudumu kwenye ukurasa wako wa BrandMeister, hasa ukiwa na simpleksi: hotspoti itakuwa inarusha muda wote na hutapata nafasi ya kubonyeza. Makundi ya mataifa mengi hufuata msimbo wa nchi, mathalani 655 Afrika Kusini, 235 Uingereza, 262 Ujerumani. Marekani hutumia 3100. Fungua orodha ya makundi kwenye tovuti ya BrandMeister utafute la nchi yako na la lugha unayoiweza.

Acha sekunde mbili au tatu baada ya mwenzako kumaliza. Nafasi hiyo humruhusu mwingine aingie, na hutoa muda kwa anayetaka kubadilisha kundi. Taja ishara yako mwanzoni, mwishoni na katikati ya mazungumzo marefu. Namba ya DMR inayoonekana kwenye kioo haichukui nafasi yake. Biashara, ulinzi wa maduka na kuitana bodaboda si mambo ya masafa haya.

Mwenye redio ya Yaesu ya C4FM anaweza kuingia makundi ya DMR kwa hotspoti hiihii akiwasha "YSF2DMR", kwa sababu sauti ya C4FM ya hali ya DN na ya DMR hukandamizwa kwa AMBE+2 ileile. D-STAR hutumia AMBE ya zamani, kwa hiyo njia hiyo ya mkato haipo. Inahitaji chipu ya kubadilisha sauti katikati.

Kila kitu kikishatulia, nenda "Configuration", kisha "Backup/Restore", upakue faili la zip ulihifadhi kwenye simu na kwenye kompyuta. Fanya hivyo pia baada ya kupata offset nzuri. Kadi ikifa, utaandika mpya, utarudisha zip hiyo, na hotspoti itaamka ikiwa na ishara yako, nywila zako na mtelezo uleule ulioupima.